Tumemwona Nakamura, hatujamwona Mmachinga

Kila ninaposhuka Kilwa Masoko nalikuta jina moja uwanjani. Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Ilikuwa jioni, watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wanacheza chandimu kwenye mchanga, magoli yao ndala mbili huku na ndala mbili kule. Kila palipotokea faulo walipaza sauti: "Mwachieni Nakamula! Mwachieni Nakamula!" Mtoto mmoja mwembamba akasogea, akauweka mpira kwa mikono miwili kama anayelaza yai, akarudi nyuma hatua nne, akainamisha bega kidogo, akapiga kwa mguu wa kushoto. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na mifuko, umefungwa kwa uzi wa nyavu, kwa hiyo haukupinda sana. Lakini namna alivyosimama na alivyovuta pumzi ilionyesha kuwa kuna mtu anamfuatisha.

Nilidhani Nakamula ni jina la huku huku. Kusini majina ya namna hiyo yamejaa: Nangurukuru, Nanjilinji, Nachingwea. Mtu akiniambia Nakamula ni kijiji unachokikuta baada ya Nangurukuru, nisingebisha. Nikamuuliza mmoja wao, "Nakamula ni ukoo wenu?" Akacheka. "Siyo, mjomba. Mjapani huyo." Akamwita kaka yake, kaka mtu akaja na simu iliyopasuka kioo, tukainama wote kuangalia.

Alikuwa Shunsuke Nakamura. Usiku wa tarehe 21 Novemba 2006, Glasgow, Celtic dhidi ya Manchester United. Mpira wa adhabu kutoka mbali, Nakamura anaupandisha juu ya ukuta, unazama kwenye pembe ya juu, Edwin van der Sar anaruka na kuukosa. Celtic wanashinda 1-0 na kwa mara ya kwanza wanavuka makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Kijana akasogeza kidole, ikaja video nyingine, Nakamura yule yule anapiga mpira unaingia dirishani mwa basi linalotembea. Watoto wakashangilia kana kwamba ndiyo kwanza wanaiona, ingawa mmoja wao alikuwa akitabiri kila hatua kabla haijatokea.

Hakuna hata mmoja kati ya watoto wale aliyekuwa amezaliwa mwaka 2006. Nakamura mwenyewe alitundika daluga mwaka 2022, akiwa na miaka 44. Na bado pale Kilwa ni mchezaji wa leo.

Nikawauliza, "Na Mmachinga mnamjua?" Wakatazamana. Mkubwa wao akajibu kwa adabu kabisa, "Machinga yupi, mjomba? Wa sokoni?"

Jibu lile limenikaa rohoni. Nasema wazi tangu hapa mwanzo: umaarufu wa mchezaji aliyestaafu hauletwi na kipaji chake peke yake. Unaletwa na watu waliomtunza, waliompiga picha, wakaandika jina lake, wakahifadhi mkanda. Wajapani na Waskoti walimtunza Nakamura. Sisi wa kwetu tumewaacha wapotee, na hasara yake si ya mashabiki tu. Inaingia mpaka majumbani mwa watu wa pwani hii.

Mabao 26 yasiyoonekana

Mohamed Hussein, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Mmachinga, aliifungia Yanga mabao 26 katika msimu wa 1999. Ni rekodi ya Ligi Kuu ambayo kila mfungaji hodari hupimwa nayo. Amissi Tambwe alipofikisha 21 msimu wa 2015/16, watu waliitaja. Meddie Kagere alipofikisha 23 msimu wa 2018/19, ikatajwa tena. Stephane Aziz Ki naye akafikisha 21 msimu wa 2023/24, na wazee wakakumbusha kwamba bado.

Jina lile lina uzito wake huku. Wamachinga ni watu wa pwani ya Lindi. Vijana wao walipokwenda Dar es Salaam na kuuza bidhaa kwa kutembeza, mji ukachukua jina la kabila ukalifanya jina la kazi, na leo mchuuzi wa Mwanza ambaye hajawahi kuiona Lindi anaitwa machinga. Kwa hiyo yule mtoto hakukosea. Jina la watu wake amelikuta limeshabadilishwa matumizi, na mchezaji aliyelipandisha hadi kilele cha ligi hana picha inayotembea ya kumrudisha.

Nenda kayatafute mabao 26 hayo kwenye simu. Mimi nimeyatafuta. Nimepata namba, nimepata mabishano, nimepata watu wanaoapa kwamba walikuwepo. Bao lenyewe, mguu ukigusa mpira, sijalipata hata moja. Je, alikuwa anapenda kufunga kwa kichwa? Alikuwa anajificha nyuma ya beki au anamkabili uso kwa uso? Mtoto wa Kilwa anayetaka kumwiga ataanzia wapi? Namba haifundishi mtu kusimama mbele ya goli.

Na huyo ni wa juzi tu. Tukirudi nyuma giza linazidi. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akapachika matatu. Mwaka 1979 kule Ndola, Peter Tino alifunga bao lililotupa sare ya 1-1 na Zambia na tiketi ya kwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980. Ilibidi tungoje hadi 2019 kurudi kwenye fainali hizo. Bao la Tino nimesimuliwa na watu wasiopungua ishirini, na kila mmoja kalifunga kivyake. Sijawahi kuliona.

Mwaka mmoja, nchi mbili

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la haraka ni umaskini, na lina ukweli ndani yake. Lakini tuangalie mwaka 1993 kwa karibu.

Tarehe 15 Mei mwaka huo, Japani walizindua ligi yao ya kulipwa, J-League, kwa vilabu kumi. Mechi ya kwanza, Verdy Kawasaki na Yokohama Marinos, ilionyeshwa moja kwa moja na televisheni ya taifa lao. Tangu siku ile kila kijana wa Kijapani aliyegusa mpira kwenye ligi ile alikuwa na kamera juu ya kichwa chake. Nakamura aliingia Marinos miaka michache baadaye, akakuta kazi ya kumtunza imeshaanza.

Mwaka ule ule, Novemba, Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Walitoka sare tasa ugenini, wakarudi Dar es Salaam nchi nzima ikiamini kombe limeshafika bandarini, wakafungwa 2-0 mbele ya umati wao na mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Tanzania Bara siku ile haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya sabini, sisi huku Bara tukangoja mpaka 1994 vituo binafsi vilipoanza. Kwa hiyo uchungu mkubwa kuliko wote katika soka letu tuliupata kwa masikio.

Huku Kilwa na Lindi masikio ndiyo yalikuwa macho. Wazee wanakusimulia redio za National, za Wajapani wa kampuni ya Matsushita, zimewekwa juu ya dirisha ili zishike vizuri, betri zimeanikwa juani mchana zipate nguvu ya dakika tisini za jioni. Sauti za Ahmed Jongo na Charles Hilary kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam zilimfanya mvuvi wa Songosongo aone nyasi. Watangazaji wale walikuwa wachoraji. Lakini mchoro wao uliishia hewani jioni ile ile, na kama upo mkanda uliosalia, uko kwenye rafu za shirika la utangazaji ambako mtoto mwenye simu iliyopasuka kioo hafiki.

Kusini tulikuwa na mzigo wa ziada. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikishika Rufiji, Kilwa na Lindi zilikuwa kama kisiwa. Mpiga picha wa gazeti alikuwa na sababu zote za kubaki Dar es Salaam. Watu wa Lindi mjini bado wanaitaja timu yao ya Kariakoo kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyehamia mbali. Nani aliupiga picha uwanja wao wa Ilulu wakati umejaa? Hodari wa huku alilazimika kwanza kuvuka kivuko cha Ndundu, akasajiliwa mjini, ndipo aonekane kuwa yupo. Asiyevuka alibaki kuwa habari ya mtaani.

Asiyekuwepo na lake halipo.

Mji uliokuwa na daftari

Mtu anaweza kuniambia kwamba sisi si watu wa kutunza, kwamba ni tabia yetu. Sikubali, na sikubali hasa nikiwa nimesimama Kilwa.

Kutoka gati la Masoko unakiona kisiwa cha Kilwa Kisiwani kwa macho. Kule kuna Msikiti Mkuu, kuna Husuni Kubwa, kuna makaburi ya masultani. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta Sultan Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Tunawajuaje masultani wengine, wa kabla yake na wa baada yake, nani alimfuata nani, nani alipinduliwa? Kwa sababu katika karne ya 16 kuna mtu wa Kilwa aliyekaa chini akaandika tarehe ya mji wake. Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu alichochapisha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu imehifadhiwa London hadi leo. Masultani wale walipiga pia sarafu za shaba zenye majina yao. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati yake zikatambuliwa baadaye kuwa za Kilwa.

Fikiria jambo hilo. Jina la mtu wa Kilwa lilifika Australia kwa sababu liliandikwa juu ya kipande cha shaba kisichozidi kucha ya kidole gumba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mji huu ulikuwa na daftari miaka 500 iliyopita, pasipo umeme, pasipo bando. Leo gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hii hii, inasaidia kuwasha televisheni za Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Halafu tunaambiwa hatuwezi kumhifadhi winga wa Kivinje?

Hasara ya nyumbani

Nimemsikia mtu akisema mpira ni mchezo, uliopita umepita, tuna shida kubwa kuliko picha za zamani. Ningependa mtu huyo akae nami nyumbani kwa mzee mmoja ninayemfahamu, hapa pwani, ambaye leo anashona nyavu za watu kwa malipo ya siku.

Mzee huyu alicheza ligi. Majirani wa rika lake wanajua, mkewe anajua, goti lake la kulia linajua kila mvua ikinyesha. Ilitokea nafasi ndogo ya kufundisha vijana, posho si kubwa, ila kwa nyumba ile ingekuwa unga na ada. Ofisi iliyohusika ikamtaka alete uthibitisho kwamba aliwahi kucheza. Alikuwa na kadi ya usajili na vipande vya gazeti kwenye sanduku la mbao. Mvua za Mei 2024, zile za Kimbunga Hidaya zilizokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, ziliingia chumbani usiku. Asubuhi walianika karatasi juu ya mkeka, wino ukawa umeondoka wote. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mkewe ndiye aliyenisimulia, mzee mwenyewe aliendelea kuvuta uzi na sindano ya nyavu bila kuinua kichwa.

Kama bao lake moja tu lingekuwa kwenye simu ya mjukuu wake, angehitaji kadi?

Tazama tena upande wa watoto. Kwa utaratibu wa FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Maana yake klabu ndogo ya wilayani, yenye mipira miwili na kocha anayefundisha kwa mapenzi, inaweza kupata fedha halali miaka kumi baadaye kwa sababu mtoto wake alifika mbali. Lakini itazipata kwa rekodi ya usajili. Pasipo daftari lenye jina, tarehe ya kuzaliwa na msimu aliocheza, fedha haziji, hata kama mtaa mzima utaapa kwamba mtoto yule walimlea wao. Ni timu ngapi za mchangani, kuanzia Somanga hadi Mchinga, zenye daftari hilo? Nimeuliza makocha watatu. Wote walinionyesha vichwa vyao, yaani majina wanayo kichwani.

Halafu kuna bando. Mama anauza pweza wa kukaanga jioni, anampa mwanawe shilingi elfu moja ya bando. Mtoto anaimaliza kwa kumwangalia Mjapani, Mbrazili, Mfaransa. Simlaumu. Ila fedha ya matangazo yanayopita katikati ya video zile inakwenda kwa mwenye picha, na mwenye picha hayuko Kilwa wala Lindi wala Dar es Salaam. Tunalipia kuwaona wengine, na wa kwetu hatuna hata cha kuuza.

Methali yetu husema kizuri chajiuza. Ilitungwa sokoni, ambako bidhaa imewekwa mezani na kila mpita njia anaiona. Kizuri kilichofungiwa sandukuni, mchwa wakikila taratibu, kitajiuzaje?

Watoto hawana kosa

Sitaki mtu anielewe kwamba nawaonea wivu watoto wale au namchukia Nakamura. Aliyeniambia ni Mjapani aliniambia pia kwamba Nakamura alikuwa anabaki uwanjani peke yake kupiga mipira ya adhabu wenzake wakishaondoka. Sijui nani alimfikishia habari hiyo, lakini mtoto aliyeisikia naye alibaki peke yake jioni ile, giza linaingia, anapiga mpira wake wa matambara kwenye shina la mnazi. Nilimhesabia mara kumi na tisa kabla mama yake hajamwita. Mwalimu wa namna hiyo anakaribishwa Kilwa saa yoyote, atoke Yokohama au atoke mwezini.

Wazee wana neno lao la kuwakemea vijana: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nawatetea vijana hapa. Mbacha wao hawakuuacha. Hawakutandikiwa.

Hata wastaafu wetu wanaosikika leo wanasikika kwa midomo zaidi kuliko miguu. Ali Mayay, aliyekuwa nahodha wa Yanga, na Amri Kiemba, kiungo wa zamani wa Simba, vijana wanawajua kama wachambuzi. Wanawasikiliza, wanabishana kwa maneno yao. Ukimwuliza kijana wa Lindi Kiemba alikuwa anapokeaje mpira, atakuambia alivyochambua mechi ya juzi. Ni heshima kwao kuwa wanasikilizwa, lakini kwanza walikuwa wachezaji, na uchezaji wenyewe ndio unaotoweka.

Tunajua kwamba kuonekana kunabadilisha mambo, tumeshuhudia. Novemba 2019 Mbwana Samatta aliifungia Genk kwa kichwa pale Anfield, Machi 2020 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi ya England akiwa na Aston Villa. Mabao yale hayatapotea tena. Mtoto atakayezaliwa mwaka kesho Liwale atayakuta. Namungo ya Ruangwa nayo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Sumbawanga ikafungwa 2-1, mwaka uliofuata ikafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mkoa wa Lindi haukuwahi kuonekana hivyo kwenye mpira. Azam walianza kurusha matangazo yao ya televisheni mwaka 2013, na mwaka 2021 wakaingia mkataba wa miaka 10 na shirikisho la soka, TFF, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa ligi ya juu, giza limeondoka. Nashukuru kwa hilo bila kinyongo.

Ninachoombea ni kilicho nyuma na kilicho chini. Nyuma kuna mikanda ya Redio Tanzania: ifunguliwe, isafishwe, iwekwe mahali ambapo mtoto wa Kilwa anaweza kuibonyeza akasikia bao la 1979 likitangazwa. Sauti peke yake inatosha kuanzia. TFF itenge sehemu ndogo ya fedha za matangazo iwatume vijana wenye kamera wakawarekodi wazee wa kikosi cha mwaka 1980 waliobaki, kila mmoja aeleze mabao yake kwa mdomo wake, kwa sababu hawatatungoja. Chini kuna ndondo, kuna michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kuna wasichana wa shule wanaocheza Ilulu mchana wa jua kali na hakuna anayeandika nani kafunga. Halmashauri inayoweza kununua kombe na jezi inaweza kununua daftari la kurasa mia na kumpa kijana mmoja kazi ya kupiga picha. Nimeona makombe mengi ya kata huku. Sijaona daftari.

Na sehemu kubwa, nakiri, haihitaji ofisi yoyote. Simu ile ile inayomleta Nakamura Kilwa ina kamera upande wa nyuma.

Barazani Kivinje

Safari yangu ya mwisho nilipita Kilwa Kivinje na kijana mmoja, mpwa wa rafiki yangu, ambaye kutwa yuko kwenye simu. Tulikwenda kumsalimia babu yake mkubwa, aliyewahi kuwa beki wa timu ya wilaya. Tulimkuta barazani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, kaeni kwenye mkeka."

Tulipofika kwenye mpira aliingia ndani akatoka na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Pembe zake zimeliwa na unyevu wa chumvi, nyuma kuna maandishi ya wino wa bluu ambayo hayasomeki tena. Wachezaji kumi na mmoja, saba wana viatu, wanne pekupeku. Mmoja wa wale pekupeku alikuwa yeye, mikono kifuani, kidevu juu. Kijana aliitazama picha, akamtazama babu yake, akaitazama tena. Nadhani hakuwahi kumwona na misuli ile ya mapaja.

Aliipiga picha ile kwa simu yake, mara tatu, akizuia mwanga kwa kiganja. Kisha akafungua mahali pa kuandika akaanza kuuliza majina. Waliosimama, kutoka kushoto. Mzee alitaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, na baba zao, na mitaa yao, na nani kafa lini. Alipofika kwa aliyeshika mpira alisita.

"Huyu alikuwa kutoka Lindi, alikuja kufanya kazi bandarini. Ndiye aliyefunga lile bao la Nachingwea. Jina lake... mpigie yule bwana wa Mikumbi, yeye ndiye alikuwa kipa wetu. Namba yake iko kwenye daftari la shangazi yako."

Simu iliita muda mrefu. Upande wa pili ikapokewa na sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini, na baada ya salamu ndefu ya afya na watoto na mvua, mzee akauliza jina la aliyefunga bao la Nachingwea.

"Bao la Nachingwea?" sauti ikasema. "Bao la Nachingwea ulifunga wewe!"

"Mimi? Mimi nilikuwa beki!"

"Ulipanda na kona. Nilikuona mimi kutoka golini, mchana kweupe. Yule mtu wa bandarini alikuwa anaumwa, hata hakusafiri."

"Usinizushie mambo ya uongo mbele ya wajukuu!"

Wakaanza kubishana, wote wawili wakiongea kwa pamoja, kona ilitoka upande gani, refa alikuwa nani, nani alirudi amepakiwa juu ya magunia ya korosho. Kijana aliishusha simu yake taratibu akaiweka juu ya mkeka kati yetu, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.